Bunduki Sita za Baba

Worcester, 4 Machi 1943

Mwanangu Signe,

Hujambo? Mumeo ameandika kutoka vitani? Sisi wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua na ukimwambia apumzike anakununia.

Nina furaha mpaka naona haya. Jeshi limekubali kuzijaribu rashasha zangu, zote sita, huko huko kwenye kambi ya majaribio unakofanya kazi. Kila kipande nimekisugua kwa tupa mpaka kikakubaliana na mwenzake. Miaka thelathini na minane nimeunda bunduki za watu. Hii ndiyo ya kwanza itakayobeba jina langu. Niombee.

Baba yako, Emil

Maryland, 29 Machi 1943

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Jeshi litakuandikia, lakini afadhali usikie kwangu kwanza.

Zilipiga vizuri, hata kwenye matope. Kisha likaja zoezi la sanduku: bunduki zote zinafunguliwa, vipande vinachanganywa sandukuni, zinaundwa upya, maana vitani askari huchukua kipande cha mwenzake. Kuchanganya ndiyo kazi yangu, na hapa hakuna ajuaye mimi ni binti yako. Nilijua kila kipande chako kimezoea bunduki yake tu. Ningeweza kuvipanga kwa siri. Sikuvipanga. Haikuundika hata moja, na wamezikataa.

Nisamehe, Baba.

Mwanao, Signe

Maryland, 2 Mei 1943

Shikamoo Baba,

Mama anaendeleaje? Wiki ya tano hii sijapata barua. Hata kama hujanisamehe, niandikie useme hivyo.

Signe

Worcester, 9 Mei 1943

Marahaba mwanangu,

Mama yako hajambo, anaoka mikate ya iliki. Nisikufiche, nilikasirika. Nikamwambia mama yako akuandikie ukali wangu, akanijibu, "Aliyemfundisha kutodanganya ni nani? Kamgombeze huyo."

Bunduki ziliporudi nilizifungua mezani, nikavichanganya vipande mwenyewe. Asubuhi nzima, haikuundika hata moja. Nikacheka peke yangu. Mzee mzima nimelea watoto sita wa kudeka, kila mmoja hali chakula cha jirani.

Nimetulia, Signe, kweli. Mumeo yuko vitani, na aina ya bunduki aliyoshika ilipitia mikono ya mtu asiyependelea hata baba yake. Hilo limenitosha. Njoo likizo yako ya Juni, tunakungoja.

Baba yako