Kwasibita Dirishani, Wheaton

Sisa Norine,

Kwetu Tanga ningekuita dada, lakini ulitaka nikuite kama watu wa kwenu Suriname. Leo sina zamu, nimekaa tu, nikaona nikuandikie.

Sijalia bado. Pale kazini tulipokuwa pamoja wananitazama usoni kama wanaotafuta kitu. Naogesha wazee, natandika vitanda, narudi nyumbani. Kiti chako cha chumba cha chakula anakikalia msichana mgeni kutoka Ghana. Nilimsogezea chumvi, basi. Wakiniuliza hali najibu "nipo". Unakumbuka siku ya kwanza nilipokusikia ukijibu "mi de"? Nikakuuliza maana yake, ukasema ni kwamba upo, bado upo. Nikacheka, kwa sababu na sisi ndivyo tunavyojibu.

Nikwambie yaliyotokea hospitali, maana sijui wewe ulisikia nini. Kiharusi kilikuchukulia Kiingereza chote, na Kiholanzi chako cha shule. Kilikuachia lugha ya nyumbani peke yake. Manesi walidhani unaweweseka. Cheryl, binti yako, alinipigia simu, nikaja na sare ya kazi mwilini. Ukanishika mkono, ukasema polepole, "Gi a bon watra."

Cheryl akauliza kwa Kiingereza chake, "Mama anasema nini?"

"Anasema uupe mti maji."

Akaendelea kunitazama, akingoja sehemu iliyobaki. Haikuwepo. Kesho yake ukafariki.

Mti ninao mimi. Cheryl aliuleta yeye mwenyewe, amekumbatia chungu chake kwenye baridi, wakati anahamisha vitu vyako. Akaniuliza ni mti gani. Nikamwambia unaitwa kwasibita, unaota wenyewe misitu ya kwenu, na mama yake alikuwa akichemsha vipande vyake kwa ajili ya homa. Nikamwonjesha kidogo. Akakunja uso, akatema kwenye sinki. Mimi uliponionjesha nilikwambia mwarobaini wetu umepata ndugu.

Halafu akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo tangu hospitali. "Kwa nini alikufundisha wewe, mimi hakunifundisha?"

Nikamweleza kama ulivyonieleza: kwamba shuleni kwenu mlichapwa kwa kuisema lugha hiyo, na hukutaka mtoto wako achapwe.

"Hapa Marekani nani angenichapa?" akasema.

Nikainuka, sisa. Nikapika. Nilikuwa na yale majani yako ya taya, yanayofanana na ya magimbi, nikayaunga kwa nazi kama ulivyozoea kuyala kwangu. Alikula akiwa amesimama. Alipomaliza akauliza taya wanaitamkaje kwenu, nikamtamkia, akarudia mara nyingi, vibaya, kisha vizuri kidogo.

Sasa huja kila Jumamosi. Nampa nilichonacho: majina ya miti na matunda, namna ya kumwita mtu aje kula, na matusi uliyokuwa ukilitupia basi likichelewa. Hayo ndiyo aliyoyashika haraka. Juzi akaniambia ana mimba. Aliniambia mimi kwanza, huku ameangalia chini, nami nikasema hongera kwa sauti ambayo sikuijua. Nilitaka nifurahi. Nadhani furaha iko mahali, itafika.

Maneno yangu ni machache, na mengine nayatamka Kitanga. Yakiisha tutampigia simu mdogo wako kule kwenu Paramaribo, Cheryl aulize mwenyewe. Ila hili nakuahidi: mjukuu wako akianza kutambaa, ataitwa mezani kwa lugha yako. "Kon nyan," ataambiwa, naye atajua ni chakula, na atakuja. Hatachapwa na mtu.

Waka bun, sisa. Nenda salama.

Mdogo wako,
Mwanaidi