Fundi wa mianzi aliyeogopa kupanda

Shangazi Deolinda wa gazetini, pokea salamu zangu, na ukishazipokea uketi kabisa, maana haya ninayokuandikia hata mke wangu sijamwambia, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Mimi ni fundi wa majukwaa ya mianzi hapa Macau, yale tunayofunga kwa kamba bila msumari hata mmoja, nina miaka hamsini na saba, na kwa miaka thelathini na sita nimetambaa kwenye kuta za mji huu kama mjusi, makanisa, mahekalu, maghorofa, hakuna dirisha ambalo sijalichungulia kwa nje, na mafundi wote huniita Sifu, yaani bwana fundi, nami hutembea kama mtu anayeitwa Sifu. Basi mwezi wa pili tulikuwa tunafunga jukwaa kwenye nyumba moja kuukuu ya Kireno, nipo usawa wa ghorofa ya tatu, nikatazama chini, jambo nililolifanya mara elfu, na chini kuna uwanja wa vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kama mawimbi, na Shangazi, yale mawimbi yakaanza kwenda. Nakuapia yalikwenda! Nikaukumbatia mwanzi kama mtoto anavyomkumbatia mama siku ya chanjo.

Msaidizi wangu mkuu, A-Kit, akauliza, “Sifu, kuna nini?”

“Nakagua fundo.”

Nikalikagua fundo lile robo tatu ya saa. Mzee Abílio, yule anayepanga vijiwe vya njia, alikuwa pale chini na nyundo yake, akapaza sauti watu wote wasikie, “Sifu! Hilo fundo unalikagua au unaliposa?”

Nilishuka nimefumba macho, nikasingizia vumbi. Tangu siku hiyo leo goti, kesho mgongo, keshokutwa jicho, nawafokea vijana kutoka chini tu, na hata ngazi za kwetu ghorofa ya nne napanda nimeshika ukuta. Abílio aling’amua, akaniambia, “Njoo kwangu, Sifu. Huku ukianguka, unaanguka ulipo.” Ndiyo nikawa naenda kwake kila alasiri kwa siri ananifundisha kupanga vijiwe, samaki wangu wa kwanza wa vijiwe alitoka kama kiatu lakini wa pili ana mkia, na dada yake Abílio, Dona Hermínia, mjane, hutuletea wali na ng’onda iliyopikwa kwa mafuta ya zeituni.

Sasa mke wangu, Sok-han, amenisimamisha mlangoni. “Suruali nyeupe magotini, mdomo unanuka zeituni. Wewe mzee, unampigia nani magoti?” Nikasema simpigii mtu. Tangu hapo, wiki ya tatu sasa, ananipakulia wali bila neno.

Na mwezi wa nne ni sikukuu kule Coloane, tunajenga banda la mianzi la opera mbele ya hekalu, na desturi ni fundi mkuu apande kileleni afunge mwanzi wa mwisho kwa kitambaa chekundu, mji mzima ukitazama. Nipande nife, au niseme nife kwa aibu? Nimefikiria hata kujivunja mguu, kidogo tu.

Mimi, Mkagua Fundo, Patane.

*

Mkagua Fundo,

Pole sana. Sasa niambie, mguu huvunjwa kidogo kwa kipimo gani? Acha upuuzi.

Woga si ugonjwa wa kuonea haya, na huenda hata si woga. Mtu wa umri wako akiona mawe yanatembea, mara nyingine ni masikio, maana humo ndani ndimo ilimo mizani ya mwili. Kesho asubuhi nenda kwa daktari, umweleze yote, na hiyo hadithi ya goti iache nyumbani. Mpaka aseme vingine, hupandi hata kiti. Ukianguka kutoka kileleni huanguki peke yako, kuna vijana chini yako.

Mkeo aliniandikia siku moja kabla yako. Hakutaja jina, ila sanduku la posta tu, lakini mji wetu ni mdogo na chokaa ya magotini ni ileile. Nami, Mungu anisamehe, nilishamjibu kwa posta kwamba Alhamisi akufuate nyuma kwa siri aone uendako. Gazeti hili linatoka Jumatano. Basi likunje, nenda nyumbani, umwambie kabla hajavaa viatu. Kisha mpeleke wewe mwenyewe kwa Abílio, na Dona Hermínia amkaribishe ng’onda. Wewe umeshiba mapishi ya mjane miezi miwili, mkeo anakula maneno aliyoyameza. Hukuzini, lakini hilo nalo si uungwana.

Kuhusu kitambaa: A-Kit ana miaka mingapi akifunga kila mwanzi isipokuwa wa mwisho? Waite vijana wako wote, uwaambie kwa kinywa chako, “Sipandi tena, kichwa kinazunguka.” Watakutania wiki nzima, wavumilie, wewe umewafokea miezi miwili. Siku ya sikukuu mfungie A-Kit kitambaa kiunoni kwa mikono yako, mbele ya mji mzima, kisha kaa chini umwangalie mafundo yake. Huo ndio ukaguzi.

Lakini anza na Sok-han. Sema yote, na fundo la robo tatu ya saa usiliruke. Akicheka, mwache acheke. Amelia wiki tatu.