Mlango wa Wamama

Ikonge, Kisii
Jumamosi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje msimu huu? Na kile kikohozi cha alfajiri, kimekwisha au wanificha? Mimi mzima. Nimenenepa kwa ndizi na maziwa, na baridi ya huku nimeizoea hata jana nilitoka bila sweta, wenyeji wakabaki kunishangaa. Leo ni Sabato ya Waadventista, mlima mzima umenyamaza, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu.

Barua ya Mjomba imefika. Nimesoma kwamba ile hospitali ya kulipia hapo Mombasa imekubali kuniajiri, nao wanangoja jibu kabla mwezi haujaisha. Nawe umeniuliza humo kama nitarudi, na najua umeshaanza kunitandikia kitanda. Jibu nitakupa, lakini kwanza nivumilie nikusimulie habari ya mlango.

Zahanati yetu ya serikali ni nyumba ya mabati yenye mlango mmoja na benchi moja. Tangu serikali iondoe malipo, dawa ni bure. Basi nilipofika nilidhani tutafurika wamama na watoto. Wapi! Benchi lilijaa wazee wakikohoa na kupiga soga. Wamama walifika mpaka uani, wakachungulia, kisha wakateremka zao sokoni kwa mtu wanayemwita Daktari, mwenye kliniki yake katika nyumba iliyokuwa duka la Mhindi. Hana dawa ambayo sisi hatuna, na kila sindano yake ni ya kulipa. Mama wa mtoto huuza kuku, akauza mahindi ya akiba. Asiye na cha kuuza hukaa nyumbani na mtoto mpaka mambo yaharibike. Vilio vya misiba nilivisikia mlima huu na ule.

Mimi na ujuaji wangu wa pwani nikakata shauri kwamba watu hawa wanadharau cha bure. Hata kamati ya zahanati iliona hivyo hivyo. Mwenyekiti wake ni Mzee Nyakundi, mkulima wa chai, mtu wa koti zito na kofia asiyoivua. Alikuwa amechangisha watu harambee tujenge chumba cha kulipia, chenye kitanda kizuri na sakafu ya saruji. "Mtu akilipa ataamini," aliniambia, nami nikamuunga mkono.

Alasiri moja mvua ilikuwa inamwagika kama kawaida ya huku. Mzee Nyakundi alikuwa kwenye benchi na kifua chake. Nikatazama nje, nikamwona Moraa, mke wa mwanawe, amesimama kwenye michai, mtoto mgongoni chini ya gunia, maji yanamtiririka. Nikatoka na mwavuli, na hasira pia.

"Moraa, wangoja nini? Ingia."

"Siwezi, Sista. Baba ya bwana yangu iko hapo."

"Si upite tu, ukae?"

Akanitazama kwa huruma, mimi niliyesoma. "Nikae karibu yake, nitoe titi nipatie mtoto, na yeye anaona? Hiyo ni chinsoni, Sista. Kwa Daktari iko mlango ya nyuma."

Chinsoni, Mama, ndiyo heshima yao ya wakwe. Baba mkwe na mke wa mwana hawaketi pamoja, na nyumbani kwa mwanawe mzee haingii. Sasa fikiria benchi letu moja, katika mlima ambao kila mzee ni baba mkwe wa mtu. Hawakuwa wakinunua sindano kule sokoni. Walikuwa wakinunua mlango wa uani.

Nilipofunua gunia nikaona mbavu za mtoto, Kwamboka, zinavyobonyea kila akivuta pumzi. Homa ya mapafu. Sokoni asingefika. Nikamwambia Moraa azunguke nyuma, akanipitishia mtoto kwenye dirisha la stoo, nikamdunga penisilini juu ya sanduku la dawa. Kilio kikasikika mpaka kwenye benchi.

"Mtoto ya nani huyo?" Mzee akauliza.

"Wa nyumbani kwako. Mama yake yuko nje kwenye mvua, hawezi kuingia kwa sababu yako."

Nilimjibu vibaya, nakiri. Alishika fimbo yake akatoka, akafuata njia ndefu ya mtoni wasije wakakutana, na kikohozi chake nikakisikia kikiteremka naye. Moraa akaingia, akamnyonyesha mwanawe karibu na jiko, nikamsikia Moraa akishusha pumzi.

Kamati ilipokaa, wote walitaka chumba cha kulipia kianze. Mzee Nyakundi akasimama. "Hiyo pesa itoboe ukuta," akasema. "Wamama wapate mlango yao na benchi yao. Chumba ya kulipa tutajenga siku ingine."

Mwalimu mmoja akauliza mlango utamponya nani.

"Mjukuu yangu," akajibu, akakaa.

Mama, laiti ungeona! Ukuta ulitobolewa, na sasa ni mimi ninayewaomba wamama wasukumane polepole. Wanaleta watoto wakiwa na mafua tu, wanaleta hata wazima wachanjwe. Surua ilipita mvua hizi, ikatusumbua kweli, lakini vilio vya mwaka jana sikuvisikia. Kwamboka anatembea, na amejifunza kuniibia pamba. Nimefurahi, sijui niseme vipi zaidi.

Sasa jibu. Moraa ni mjamzito tena. Juzi aliniambia safari hii hazalii nyumbani, atakuja kwetu, kisha akauliza, "Wakati ya kuvuna mahindi, Sista, wewe utakuwa?" Nikasema nitakuwepo. Lilinitoka, Mama, kabla sijakumbuka kwamba wewe ndiwe uliyeuliza kwanza.

Mjomba mwambie namshukuru kwa dhati, na asinikasirikie. Nisalimie shangazi wa duka la viungo, dada yangu na mumewe, na jirani yetu mshona kanzu. Kile kitanda, mpe mtoto wa dada alalie mpaka nije likizo. Ukilia, lia kidogo tu, kisha uniombee dua.

Mwanao,
Mwanakombo