Tiketi za Wageni wa Eda

Mtoni Mtongani,
Temeke,
Dar es Salaam.
18 Agosti 2024

Mpendwa dada Zubeda,

Shikamoo dada. Goti linasemaje? Natumai barua hii inakukuta umeshautupa ule mkongojo. Wifi Munira aliniambia daktari wa huko Maskati amekuahidi utasujudu vizuri kabla Ramadhani haijarudi, nami nakuombea kila swala. Sisi huku hatujambo. Presha yangu imetulia. Tumbo ndilo linanisumbua, maana kila anayekuja kunipa pole anabeba maandazi, na mimi chakula kumwaga siwezi.

Ningeweza kukupigia, lakini simu yako ikipokelewa huwekwa sauti kubwa na nyumba nzima ikachangia mada. Haya ni ya kusoma wewe peke yako. Anwar anayekuletea nimemwapisha asifungue.

Zimebaki siku tano nimalize eda. Tangu tumzike Badru, wiki moja baada ya Idi, sijatoka nje ya nyumba hii. Najua umeshaambiwa kwamba mdogo wako amechanganyikiwa, anakusanya tiketi za magari. Kukusanya ni kweli. Hilo la kuchanganyikiwa ndilo nataka unisaidie, kwa sababu hata mimi sijui.

Jambo lilianza hivi. Wiki ya tatu wifi Munira alikuja kutoka kwake Kimbiji. Alipofungua pindo la khanga atoe hela ya sukari, kikadondoka kikaratasi cha gari. Nikakiokota, nikakisoma mbele na nyuma kama barua. Nikamwambia, "Niachie hiki." Akaniachia, akidhani nataka kuwashia mkaa. Kesho yake akaja mtu kutoka Kinondoni, nikajikuta namwuliza, "Tiketi yako iko wapi?" kabla hata sijamkaribisha kuketi. Sikujua nitaifanyia nini. Mpaka leo sijui.

Ukitaka kukusanya kitu kisicho na gharama, dada, kusanya tiketi. Gharama yangu yote ni daftari la shule la kurasa themanini na kijiko cha unga wa ngano, ninaukoroga kwa maji ya moto unakuwa gundi. Nina vikaratasi vya mwendokasi. Nina tiketi ya boti ya Unguja, na moja ya treni mpya ya Morogoro, hiyo ndiyo bibi harusi wa daftari. Wanaovuka kutoka Kigamboni wananiangusha, wanasema siku hizi pale unagonga kadi tu unapita.

Shida ni daladala. Makonda wengi hawatoi tiketi mpaka uombe, na ukiomba wanakuangalia kama mkaguzi. Mgeni mmoja aliulizwa, "Tiketi ya nini tena mama, kwani umetumwa na ofisi?" Naye akajibu kwamba ametumwa na mfiwa. Aliyekuja na bodaboda anaomba radhi mlangoni kabla ya salamu. Jirani yangu Jenipher, yule wa Masasi, anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, alikasirika kweli. Akaniambia, "Mie nakuja kila siku kwa miguu yangu, sasa nikuachie kandambili?" Ilibidi nimwandike jina kwenye ukurasa wa kwanza ndipo akanywa chai.

Wifi Munira hakucheka. Alisema, "Hii ni eda au ni stendi?" Kisha akaenda kuwaambia watu kwamba naweka kumbukumbu ya nani kaja na nani hajaja, ili nije niwasute. Wallahi halijanipitia hilo. Lakini tangu siku hiyo kila mtu anakuja na tiketi mkononi, hata wale ambao nisingewatazamia, kwa hiyo sijui nimkasirikie au nimshukuru.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Dada, mimi sikumlilia Badru. Siku ya msiba watu walinishika mikono wakidhani nitaanguka, na mimi nilikuwa nawaza kama wali utatosha. Nilisema yatakuja usiku. Hayakuja. Nilisema yatakuja arobaini ikifika. Ikapita. Miaka thelathini na sita ya ndoa na macho makavu. Niliogopa. Nilijiuliza kama nilimpenda mume wangu au nilimzoea tu, na hilo swali ndilo nililokuwa nakaa nalo chumbani huku nabandika vikaratasi.

Unakumbuka Badru alikuwa kondakta wa basi la mjini, nami nafanya kazi kiwandani Chang'ombe. Kila asubuhi nikipanda hapa Mtoni alikuwa ananipita bila kunikatia tiketi. Ananiambia, "Wewe mgeni wangu." Ndivyo tulivyojuana. Nilipokuwa msichana wizi ule ulinipendeza. Nilipokuwa mke ukanichukiza. Kila akigawa kitu chetu kwa watu nilimwambia yeye ni mkarimu wa mali za wenzake tangu enzi za basi. Harusi ya binti yetu nililisema mbele ya ndugu zake wote. Aliweka tonge chini, akaomba aongezewe mchuzi, halafu akaendelea kula.

Jumanne iliyopita akaja mzee Fakihi, dereva aliyekuwa na Badru kwenye basi lile. Siku hizi anaishi Kinyerezi. Kwa kuwa niko edani alikaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, Munira katikati. Alitoa pole, kisha akasema, "Shemeji, nimesikia unapokea tiketi. Hii ya leo ni yangu. Hizi nyingine si zangu." Munira akanipitishia bahasha chini ya pazia.

Ndani mlikuwa na tiketi za basi, za karatasi nyepesi, nyekundu iliyofifia, zimetobolewa. Nilihesabu arobaini na moja. Nyuma ya kila moja kuna tarehe kwa penseli na herufi M, kwa mwandiko wa Badru.

Fakihi akaeleza kwamba wakaguzi walimwandika Badru ofisini, kwamba kuna binti wa Mtoni hapandi kwa nauli. Alipoitwa akazimwaga mezani. Kila siku alikuwa anakata tiketi yangu na kuilipia mfukoni mwake, halafu anaitia mfukoni asinionyeshe. Fakihi alikwenda kama shahidi, na walipotoka Badru akamwachia bahasha. "Alisema, 'Kaa nazo wewe. Mwanaheri ana kiburi, akijua namlipia atashuka atembee.'"

Ningeshuka kweli, dada. Unanijua.

Lakini baada ya kunioa je? Mbona hakuniambia? Nilimwuliza Fakihi, naye akasema hata yeye hajui, alimhimiza mara nyingi na Badru akawa anabadilisha mazungumzo. Mtu ananyamazaje miaka yote hiyo anaitwa mwizi na mke wake mwenyewe, na akiitwa anaomba aongezewe mchuzi? Nimejaribu kumkasirikia, nashindwa. Nimejaribu kucheka, nashindwa. Munira alisikia yote pale katikati, na tangu siku hiyo hajarudi Kimbiji, ananipikia uji kila asubuhi.

Usiku ule nililia mpaka Jenipher akasikia kwake. Sijaacha. Watu wanaokuja sasa wananikuta nalia na wanashangaa, msiba wa miezi minne, mjane ndiyo kwanza anaanza. Siwezi kuwaeleza. Zile arobaini na moja sijazibandika kwenye daftari, naona si za kuchanganywa na za watu.

Dada, wewe ndiye mkubwa na hukuwepo, ngoja nikwambie. Siku ile kabla jeneza halijatolewa, wazee walimtuma Munira aniulize, kama ilivyo desturi, je, nimemsamehe mume wangu yote aliyonikosea? Nikasema nimemsamehe. Na moyoni, Mungu ndiye shahidi, nikaongeza, hata zile nauli. Nikajiona mwema. Hakuna aliyefikiria kuniuliza kama nilimwomba yeye anisamehe. Nifanye nini sasa?

Msalimie sana shemeji Mudathir na wanao wote. Jenipher anakusalimu, na wifi Munira pia, ingawa hajui kama nimekuandikia. Mola akuponye goti lako na akuweke katika amani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwanaheri