Aliyeonyeshwa Hakuulizwa

Bujumbura

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kukusumbua, na kwamba dawa unakunywa hata siku usizoumwa. Mimi mzima wa mwili. Uliniuliza kwenye simu mbona siku hizi naongea kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Sikuweza kukujibu kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Kazi yangu unaijua nusu. Kampuni ina programu ya simu yenye video fupi fupi. Ukimaliza kutazama moja, programu yenyewe inakuchagulia nyingine. Mimi napita mitaani kuuliza kama inachagua vizuri. Kule Ngagara, wanafunzi na watumishi wa serikali walisema inawafurahisha. Cibitoke, vijana wanaotengeneza hizo video wakasema wanapata watazamaji. Mkubwa wangu, tunayemwita Chef, akaridhika.

Kisha nikaenda Gatumba, kwa mama mmoja anayeuza ndagala karibu na mpaka wa Kongo. Wanamwita Mama Nadine. Nilipoitaja programu, aliacha kuchambua samaki.

"Mi siiangaliaki," akasema. "Niko ndani mi mwenyewe."

Maji ya mafuriko yalipoingia kwake, mtu alimrekodi akivuta godoro. Aliteleza, kitenge kikamporomoka, akakaa humo humo majini akilia. Huyo mtu akaitia video hiyo muziki wa kuchekesha, akaiweka kwenye programu. Watu wakaipenda, kwa hiyo programu ikazidi kuwapelekea wengine, hasa mvua inaponyesha. Wateja wanamtambua. Binti yake Nadine amegoma kwenda shule, maana wenzake wanamwita Godoro.

"Uliuliza wenye kuangalia?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na wenye kutengeneza?"

"Nao pia."

"Na mi? Uko na swali gani ya mi?"

Nikasema sina.

Ofisini Chef alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. "Lakini dada," akasema, "uyo mama si kliya wetu, si mteja. Hana hata konti kwenye programu." Nikamwambia tunapima furaha ya anayetazama na faida ya anayerekodi, lakini anayeonyeshwa hatumpimi, na yeye ndiye pekee asiyeweza kuizima video. Akasema atawauliza walio juu yake. Wiki iliyofuata jibu likaja: programu haitampelekea mtu video ile tena, ila atakayeitafuta ataipata. Maswali yangu yabaki yale yale, ya watazamaji na watengenezaji.

Nilirudi Gatumba kumpa habari. Mama Nadine akaitikia kwa kichwa.

"Ni vizuri. Lakini mutoto bado hataki masomo." Kisha akanitazama. "Na we, uliiangalia?"

"Mara nyingi. Ni kazi."

"Ulicheka?"

"Hapana, mama. Sikucheka."

Akaridhika, akanifungia ndagala nikapike. Njiani kurudi ndipo nilipowaza kwamba sikulia pia. Mama, nimeitazama hata najua ni wapi mguu utateleza, na moyoni hapakuwa na kitu. Hata wakati nawaza hivyo, hapakuwa na kitu. Nilifika nyumbani, nikawapika wale samaki, nikala, nikalala.

Nisalimie baba mdogo pale kwenye cherehani yake, na shangazi aliyenilea ulipokuwa ukiumwa. Mdogo wangu mwambie nafurahi amerudi chuoni. Wewe utajua kulisema hilo kwa sauti inayofaa.

Nina ombi moja, na usinijibu kwa simu. Tangu nikiwa mtoto wewe ndiye unayeitwa kuwaosha wanawake wanaofariki mtaani kwetu. Kila mara ulirudi, ukaoga, ukakaa chumbani ukalia kidogo, ndipo ukaingia jikoni. Niandikie, mama, ulifanyaje ukaweza kuendelea kulia miaka yote hiyo.

Mwanao,
Rehema