Jezi Zilizopigwa Pasi

Enoki, mwenzangu,

Kamwene. Najua huitikii, lakini sijui namna nyingine ya kuanza, maana kila asubuhi ulikuwa ukiniamkia hivyo dirishani kwangu ukipita na mwiko na pimamaji kwenda kwenye uashi wako. Leo nakuamkia mimi.

Jana tumecheza na Makambako kwenye uwanja wako. Nimekaa mezani tangu tulipotoka kanisani, nakuandikia. Si kwa huzuni. Huzuni ilikuwa miezi ile ya mwanzo. Sasa ni kinyaa, Enoki, kinyaa kitupu, na kwa kuwa mjini wameshaanza kuisimulia mechi hiyo kwa midomo yao, nataka wewe uisikie kwangu.

Nianze na mazishi yako, kwa kuwa hukuyaona. Chama chetu cha mpira kilikuja chote. Watu thelathini na mmoja! Wamevaa jezi za bluu zilizopigwa pasi, mikunjo imesimama, nyingine bado zinanuka sanduku. Bwana Zakaria fundi cherehani, mwenyekiti wetu, alikuja na njumu zake mkononi, zile anazozitundika ukutani pale dukani, zimepakwa mafuta zinameta. Akasimama mbele ya jeneza akasema, "Sisi wapenzi wa mpira wa Njombe tumepotelewa. Mpira ulikuwa damu ya Enoki, na ndiyo damu yetu sote." Watu wakaguna kwa uchungu. Mwinjilisti mwenyewe akafuta macho.

Nilipokwenda kumpa pole mkeo Atuganile, alinishika mkono akanivuta chini. "Shemeji," akaninong'oneza, "hawa wote walikuwa wakicheza na mume wangu?"

Nikasema ndiyo.

"Mbona alikuwa akirudi na jembe peke yake?"

Nikajifanya naitwa, nikaondoka.

Wewe unajua jibu. Lile bonde dogo kando ya barabara ya Makambako lilikuwa madete matupu na maji, hakuna aliyelitaka. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alitupatia kwa sharti moja tu: lichezewe. Lisipochezewa, litarudi serikalini lioteshwe miche ya miwati, ile miti ya magome. Siku ile tulipopewa habari, chama kizima kilipiga makofi mkahawani karibu na soko. Wakaamua jezi ziwe za rangi gani. Hilo walilijadili wiki tatu. Wewe ukaenda bondeni ukavuta uzi wako wa kuashia, ukaanza kusawazisha.

Kila Jumamosi saa kumi ulikuwa pale. Mimi nilikuja mara moja kwa mwezi, labda mbili. Wengine niliwaona kwa macho yangu wakipita barabarani juu, wanasimama, wanatazama, wanakupungia mkono, halafu hao wanakwenda kunywa chai na kuzungumza mpira. Na walivyokuwa wakiuzungumza! Nani akae nyuma, nani apige kona, Iringa wanacheza vipi, Mbeya wanakosea wapi. Zakaria na goli lake alilofunga Iringa enzi za ujana wake: nilipolisikia mara ya kwanza lilipigwa karibu na goli. Baadaye likapigwa kutoka katikati ya uwanja. Safari ya mwisho alilipiga akiwa karibu na kipa wake mwenyewe. Nasi tukacheka, tukamwagizia chai. Nilikuwepo, Enoki. Nilicheka.

Waliokuja kucheza nawe ni wale Wakinga wa kambi ya miwati, wabandua magome. Miguu mitupu, mpira wa matambara. Ulipoleta ombi waingie chamani, Zakaria alisema hawawezi, hata Kiswahili kinawapiga chenga. Ulisema neno moja tu siku ile, na sijalisahau: "Mpira hauzungumzi Kiswahili, Mwenyekiti." Ukaenda zako.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Jumamosi ile ya mvua. Ulipita dirishani, jembe begani, gunia kichwani. Ukasema, "Yona, maji yamelala golini. Tukichimba mfereji leo, wiki ijayo pamekauka. Uje na mwenzako mmoja tu, tutamaliza mapema." Nikakujibu, "Tangulia, nakuja." Nilivaa koti. Nilitoka kweli. Nilipofika mkahawani nikaingia kidogo nijipashe moto, nikawakuta Zakaria na wenzake wanabishana kama beki anaruhusiwa kuvuka katikati. Nikaketi. Nikatia neno langu. Nikatia la pili. Mvua ikapiga bati, nikajiambia ikipungua nitakwenda. Haikupungua.

Ulichimba ule mfereji peke yako mpaka jua likazama, hata wale Wakinga hawakuwapo siku ile, walikuwa kazini. Jumatatu kichomi kikakushika. Ijumaa tukakuzika.

Sisemi mimi ndiye niliyekuua. Mchungaji ameniambia nisiseme hivyo. Lakini nasema hivi: ulikufa kwa kazi ya watu thelathini na mmoja, na wa thelathini na mmoja nilikuwa mimi, nimekaa mahali pakavu nimeshika kikombe.

Mwezi uliopita barua ilipita mezani kwangu pale boma. Bwana Shauri ameambiwa uwanja haukanyagwi na mtu ila mbuzi. Akapanga kuja kuuona Jumamosi moja, mwenyewe. Akikuta watu wanacheza, ubaki. Asipowakuta, miche ya miwati. Nilikimbia na habari hiyo mkahawani. Zakaria akainuka pale pale. "Tutaalika Makambako! Mechi ya kumkumbuka marehemu!" Makofi. Wengine machozi. Nikadhani labda kifo chako kimewaamsha.

Tukatangaza mazoezi. Jumamosi ya kwanza nilikuwa peke yangu na mwingine mmoja. Ya pili peke yangu. Kila niliyemfuata alikuwa na goti, au mgeni, au shamba la viazi, na kila mmoja alinishika bega akaniambia, "Siku ya mechi nipo, wewe unanijua, mimi mpira ndiyo maisha yangu."

Jana basi. Makambako walikuja juu ya lori la pareto, mataniboi wa malori na wapagazi wa pale njia panda, watu kumi na mmoja kamili na wawili wa akiba, wamejaa vumbi mpaka kope. Walikuwa wameamka alfajiri. Wakaruka chini, wakaanza kujinyoosha. Sisi tulikuwa wengi kuliko wao, Enoki! Bluu tupu ukingoni, wamepanga mabenchi waliyoazima shuleni. Nikaita timu iingie. Tuliingia wanne.

Nikarudi ukingoni nikawasihi. Mmoja akasema amekula sasa hivi. Mwingine akasema nyasi zina maji, jezi itachafuka, nayo ni ya kumbukumbu yako. Ya kumbukumbu yako! Nikamwendea Zakaria. Alikuwa amezivaa njumu, kwa mara ya kwanza nilimwona nazo miguuni, amekunja miguu zionekane. "Mimi leo nasimamia," akasema. "Kila mtu na kazi yake."

Nikatema mate chini. Sikuyalenga kwake, lakini hayakuanguka mbali naye.

Gari la Bwana Shauri lilikuwa limeshasimama barabarani juu. Alishuka akatazama saa yake. Nahodha wa Makambako, taniboi mmoja mrefu mwenye kovu la kidevu, alinijia akasema bila hasira, kama mtu aliyechoka: "Ndugu, sisi tumekuja kucheza na watu. Hatukuja kucheza na nguo."

Wale wa kambi ya miwati walikuwa wamesimama nyuma ya goli tangu mwanzo, mikono imekuwa myeusi kwa magome. Hakuna aliyewaalika. Nilikwenda kwa yule mkubwa wao, Ndelwa, nikamwambia, "Tusaidieni." Nilikuwa na aibu hata kumtazama. Hakuniuliza chochote. Aliwaita wenzake sita kwa Kikinga, wakavua makoti wakayarundika kwenye nyasi. Nikageukia ukingoni, "Wapeni jezi." Zakaria akasimama. "Jezi ni mali ya chama. Hawa si wanachama."

Basi walicheza na mashati yao yaliyochanika, na wawili vifua wazi katika baridi ile ya Njombe unayoijua. Nami nikavua jezi yangu nikaitupa benchini.

Tulifungwa tatu kwa moja. Sitakudanganya kwamba mimi nilikuwa mtu. Kabla jasho halijakolea nilikuwa nimeinama kwenye kona natapika chai. Miaka yote nimejiita mchezaji! Nimewaambia watu hata Iringa kwamba mimi ni winga. Mguu wangu haukuujua mpira, uliuogopa. Wale Wakinga ndio walioushika mchezo, wanapeana pasi bila kuitana, na goli letu alilifunga Ndelwa kwa mguu mtupu, upande ule wa mfereji, na pale chini palikuwa pakavu kama sakafu. Wale ukingoni waliruka wakakumbatiana. "Tumefunga! Tumefunga!"

Mwisho Bwana Shauri aliteremka. Akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata, "Karani, chama kina watu wangapi?"

"Thelathini na mmoja, Bwana."

"Wako wapi?"

Nikaonyesha mabenchi. Aliwatazama muda mrefu, nao wakakaa wima wakidhani wanasifiwa. Kisha akasema, "Mpira nimeuona. Chama sijakiona. Uwanja ubaki kwa waliocheza. Niandikie majina yao."

Nikachukua karatasi nikaanza kuandika, nimepiga goti kwenye nyasi. Ndelwa ananitajia mmoja mmoja, mimi naandika. Nikasikia pumzi shingoni. Zakaria. "Usilisahau la mwenyekiti," akasema, "liwe juu." Nilimtazama, Enoki. Uso wake haukuwa na haya hata chembe. Aliamini. Hicho ndicho kilichonichosha: hakuwa anasema uongo, alikuwa anaamini kabisa kwamba amecheza.

Sikuliandika. Atanichukia mpaka kaburini, na achukie.

Na leo, baada ya ibada, nimepita karibu na mkahawa ule. Sauti yake ilikuwa inatoka mpaka barabarani: "Tulipowabana Makambako kipindi cha pili..." Tulipowabana! Kiti changu cha siku zote kilikuwa wazi, mmoja akakipigapiga kuniita. Nikapita.

Kuna jambo la mwisho. Atuganile alikuja jana na kikapu cha viazi vya kuchemsha, akawagawia wachezaji wa pande zote mbili. Wale wa mabenchini waliponyoosha mikono akawapita kama miti. Mimi akanipa kiazi kimoja, akabaki amesimama.

"Shemeji," akasema, "siku ile ya mfereji ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeshaandaa maneno tangu siku ya mazishi. Kwamba nilikuwa na homa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama nikasema, "Nilikuwa mkahawani. Nilimwambia atangulie. Sikwenda."

Akaweka kikapu chini. Watu wa Makambako walikuwa wanapanda lori lao, wanaimba. Kisha akasema, "Najua. Alikuwa akiniambia kila aliposikia mlango, 'Fungua, huyo Yona.' Mpaka Alhamisi alikuwa anasema hivyo."

Akachukua kikapu chake akaenda.

Enoki. Mlango ulikuwa hatua mia mbili kutoka kwangu. Nilikuja Ijumaa.

Siombi unisamehe kwa barua, karatasi ni rahisi mno, na nimeishi miaka mingi kwa maneno rahisi. Nakuahidi mambo machache tu, ambayo mtu anaweza kuja kuyahakikisha. Jumamosi saa kumi nitakuwa bondeni, mvua ije isije. Ndelwa ameniweka beki ya kushoto, anasema pale nitaharibu kidogo. Atuganile anataka ukuta wa jiko uzibwe kabla ya baridi. Nitachanganya udongo, Ndelwa atashika mwiko. Na mtu akiniuliza kama napenda mpira, sitamjibu. Nitamwambia aje aone kama nipo.

Pumzika, ndugu yangu. Umechimba vya kutosha.

Ni mimi,
Yona