Vipande Vitatu kwa Gunia la Sukuma

Jumanne, 14 Januari 2025

Hope, mwenye duka la nguo mtaa wa Olympic, ametuletea hapa Makina mfuko mkubwa wa uzi wa sufu. Kondoo wa Molo. Anataka sweta kumi za watoto, sufu tupu, si huu uzi wa plastiki tunaofumia sweta za shule. Ati sweta ya sufu ikichakaa unaizika, inakuwa mbolea. Ya plastiki inabaki mpaka wajukuu wazeeke. Na kondoo huota manyoya mengine. Sawa. Zikikubalika, tutafumia duka lake mwaka mzima. Akoth, mwenzangu wa mashine za kufuma, amepiga vigelegele. Mimi nimepima uzi kwanza — nimeahidiwa mengi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimevaa sweta ya sampuli aliyoniachia Hope siku nne, nikikaanga omena nayo. Nimeianika kwa upepo tu, harufu imeisha bila kufua! Sisi wa kubeba mitungi ya maji, hapo sina ubishi na kondoo.

Jumapili, 2 Februari

Zimeisha. Tano zangu, tano za Akoth, alizifumia kwake. Zake laini kuliko zangu — mkono wa mwalimu wangu.

Hope anataka ushahidi wa kuonyesha wateja kwamba sufu huoza; sweta atazichukua siku atakayokuja kuuona. Nimezika vipande vitatu vya mabaki ya ufumaji kwa gunia la udongo ninalopandia sukuma wiki hapo mlangoni, kila kimoja na kijiti chake: changu, cha Akoth, cha plastiki. Akoth ameuliza, "Kwani lazima na changu?" Nikacheka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Sukuma inanona. Labda ni sufu, labda ni mvua tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefukua. Changu ni nyuzi chache zinazokatika kwa vidole, mengine udongo. Cha plastiki ungekisuuza ukakirudisha kwa sweta. Cha Akoth pia — kizima! Hata fundo halijalegea.

Nimemwonyesha. Hakubisha. Ati aliufua ule uzi kwanza kwa maji moto na sabuni ya unga, vile tunafuaga wa shule. Ukajikunja, ukashikana kama zulia. Akaona aibu, akatafuta wa plastiki wa rangi hiyo hiyo soko la Toi. Sweta zote tano.

"Yawa, Nabwire, mimi ndiye nilikufunza mashine. Ningeanzia wapi kukuambia?"

Imeniuma. Alinifunza bure, nikiwa na mimba ya mwanangu Jeremy ya miezi saba, wengine wakiniambia nirudi kwetu Busia.

Sasa Hope amefika mapema. Yuko nje anamaliza simu, mfuko wa sweta uko mezani. Akoth anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe. Amenong'ona nigawe changu mara mbili, niseme nusu ni yake. Kimeoza, nani atajua? Kweli, hakuna. Mpaka siku mtu azike sweta ya mtoto wake, angoje.

Vyote vitatu viko kwa kiganja changu. Hope ameingia. Ati, haya Nabwire, cha Akoth ni kipi —